Sadaka na Macho Yanayoiona

Ibada imekwisha, baraka imetolewa, lakini watu hawaondoki. Katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, kuanzia vijiji vya migombani Kilimanjaro hadi vitongoji vya Dar es Salaam, saa ya kuchangamka ndiyo hiyo. Waumini hujipanga uani, na mzee wa kanisa aliyejaliwa sauti na utani hunyanyua mkungu wa ndizi, trei ya mayai, boga, au jogoo aliyefungwa miguu. "Elfu tano mara ya kwanza!" Mtu wa nyuma anapaza elfu saba. Mwingine, aliyetoka mjini kuja kusalimia wazazi, anaongeza mpaka elfu ishirini, na vigelegele vinapanda.

Huo ndio mnada, msikilizaji. Bidhaa zake zimeletwa na watu ambao asubuhi hiyo hawakuwa na noti ya kutia kikapuni. Bibi aliyekuja na mayai matano ametoa sadaka kamili, tena mayai yake huenda yakaleta fedha kuliko bahasha ya mwalimu aliyekaa mbele yake. Na mchezo hauishii hapo. Aliyemnunua jogoo hulipa, kisha anatangaza kwamba anamrudisha. Jogoo yuleyule ananadiwa tena, analipiwa tena, pengine anarudishwa tena, hadi apatikane mtu wa kumpeleka kwa mjane au kwa mgeni wa siku hiyo. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara tatu kabla ya saa saba mchana bila hata kufunguliwa miguu.

Wapo wanaoukosoa mnada. Husema kanisa limegeuzwa soko, na humkumbusha kila mtu habari za Yesu kupindua meza hekaluni. Hoja yao ina uzito, hasa pale kelele za kunadi zinapoingilia ibada ya pili. Ila wenye meza zile walikuwa wakitafuta faida yao, na uani mwa usharika muuzaji harudi na kitu nyumbani. Kasoro ya mnada iko kwingine: mwenye nacho hupata jukwaa la kuonyesha kuwa anacho, na kijana asiye na kazi hujifunza kusimama mbali. Hata hivyo mnada una sifa moja ambayo njia nyingi mpya za kuchangisha hazina. Kila senti huonekana ikitoka mkononi mwa mtu na ikiingia mezani kwa mhazini, mchana kweupe, mbele ya watoto.

Bila shaka mnada haulipi mishahara. Posho ya mwinjilisti, mshahara wa mchungaji, bili ya umeme na fungu linalopelekwa dayosisi hutegemea bahasha. Mwanzoni mwa mwaka msharika hujaza ahadi yake na kukabidhiwa bahasha zenye namba. Jirani wa kwenye benchi haoni kilichomo ndani; mhazini anaona, kwa sababu namba imeandikwa daftarini mbele ya jina. Ikifika Desemba, wachache wanajua nani amemaliza ahadi na nani ameitelekeza tangu Machi. Kisha kuna bahasha za jengo, za mavuno, za shukrani, na ile ya ghafla ya kununua vyombo vya muziki, ambayo haikuwamo kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Ndipo yanapokuja matangazo. Sadaka ya Jumapili iliyopita, ibada ya kwanza kiasi fulani, ibada ya pili kiasi fulani, mnada kiasi fulani, shule ya Jumapili kiasi fulani. Watu huyachukulia matangazo kama muda wa kukunja kitenge na kumtafutia mtoto viatu. Lakini usomaji huo mkavu, unaotaja hata sarafu za watoto, ni ukaguzi wa hesabu unaofanyika kila wiki mbele ya wenye mali. Kampuni nyingi hazina utaratibu kama huo.

Kujitegemea kwa makanisa hakukuja kwa urahisi. Katikati ya karne ya 19, Henry Venn, katibu wa shirika la kimisionari la CMS mjini London, alifundisha kwamba lengo la misheni ni kanisa la wenyeji linalojitawala, kujitegemea na kujieneza lenyewe. CMS ndilo lililomtuma Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Zaidi ya miaka 100 baadaye, makanisa mengi ya Afrika Mashariki yalikuwa bado yanasubiri hundi kutoka ng'ambo. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa kanisa la Kipresbiteri la PCEA la Kenya, alisimama mbele ya Wakristo huko Marekani akapendekeza jambo lililowashtua: wamisionari na fedha zao wasitishwe kwa muda, ili Waafrika wajifunze kusimama. Wengine walimwona hana shukrani. Kanisa lake lilichukua neno Jitegemea likalifanya kaulimbiu. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilikuwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967 na wimbo huohuo wa kujitegemea, kwa hiyo wazo lilikuta ardhi iliyokwisha kulimwa.

Mlutheri wa Usambara anayekwenda kutembelea usharika rafiki Ujerumani hushangazwa na jambo moja. Kikapu kinapita kikiwa na sarafu chache, watu ni wachache, wengi wao wazee, na bado jengo limekarabatiwa na kinanda kinang'aa. Siri iko ofisi ya kodi. Serikali ya Ujerumani hulikusanyia kanisa fedha kutoka kwa kila mwanachama wake anayelipa kodi ya mapato: nyongeza ya asilimia 8 ya kodi hiyo katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwingineko. Asiyetaka hulazimika kwenda mbele ya ofisi ya umma kutangaza kwamba amejitoa kanisani. Mwaka 2022 pekee Wakatoliki zaidi ya 500,000 walijitoa. Sehemu ya fedha za namna hiyo imejenga hospitali na shule Tanzania kwa miaka mingi, nazo zinasaidia mpaka leo. Lakini ni sadaka isiyopita mkononi mwa mtoaji. Mjerumani huiona kwenye hati ya mshahara, karibu na makato mengine, na huko ndiko wengi wanakoanzia kujiuliza kama bado wanaihitaji.

Wakatoliki wa ukanda huu walichagua njia iliyo kinyume kabisa na ofisi ya kodi. Katikati ya miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia chombo chao cha AMECEA, waliamua kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo: nyumba kadhaa za mtaa mmoja zinazokutana kusali, kusoma Neno na kujuliana hali. Leo huko ndiko zaka inakokusanywa. Mwenyekiti wa jumuiya anazijua nyumba zake. Anajua baba fulani amepunguzwa kazi, anajua mama fulani ameuza kiwanja. Ukitaka mtoto abatizwe au ndoa ifungwe, safari huanza kwake, na mara nyingi hapohapo ndipo kadi ya zaka inapoulizwa.

Hapa mambo huwa machungu. Hakuna parokia isiyo na hadithi ya msiba ambao ndugu walihangaika kwa sababu kadi ya marehemu ilikuwa tupu. Watetezi wa utaratibu husema kadi haipimi fedha, inapima ushiriki. Mtu ambaye hajaonekana jumuiyani miaka mitano asitegemee jumuiya itaacha shughuli zake kumzika. Wanaolalamika husema kinachotazamwa kwenye kadi ni tarakimu. Sheria ya Kanisa yenyewe, iliyotangazwa mwaka 1983, haina utata: kanuni ya 848 inamtaka mhudumu wa sakramenti ahakikishe wahitaji hawanyimwi sakramenti kwa sababu ya umaskini, na kanuni ya 1181 inasema vivyo hivyo kuhusu mazishi. Mwenyekiti wa jumuiya anayemrudisha mjane kwa deni la zaka anajitungia sheria yake mwenyewe, na paroko anayenyamaza anamsaidia.

Waadventista wa Sabato, wenye mizizi Upareni tangu mwaka 1903, wana mpangilio unaowashangaza majirani. Zaka, yaani sehemu moja ya kumi ya mapato, haibaki kanisani ilikotolewa. Hupelekwa konferensi, yaani ofisi inayosimamia makanisa ya eneo, na huko ndiko wachungaji wanakolipwa. Kanisa la mahali huendeshwa kwa sadaka nyingine. Matokeo yake mchungaji wa kijiji maskini hapangiwi mshahara kwa unene wa mifuko ya kijiji chake, na waumini hawana namna ya kumtishia kwa kufunga pochi.

Msikitini hesabu ni nyingine. Zaka ya mali ni asilimia 2.5, yaani shilingi 25 katika kila 1,000, na huwa wajibu kwa mtu ambaye mali yake imefikia kiwango cha nisabu, takriban thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikapitiwa na mwaka mzima wa Kiislamu. Mkulima naye ana kipimo chake: sehemu ya kumi ya mavuno ikiwa shamba lilinyweshwa na mvua, nusu ya hiyo ikiwa alimwagilia kwa gharama yake. Ni hesabu inayomhurumia aliyetoka jasho. Qur'ani imetaja makundi manane ya wanaostahiki kupewa, wakiwamo mafukara, maskini, wenye madeni na msafiri aliyekwama. Wanazuoni walio wengi hawaruhusu zaka kujenga msikiti. Kwa hiyo bati, saruji na pampu ya kisima vinatafutwa kwa sadaka na changizo, na kamati ya msikiti hulazimika kusimama baada ya sala ya Ijumaa kueleza imebaki mifuko mingapi kumaliza ukuta.

Mwenye zaka anaweza kumpa maskini moja kwa moja bila kupita kwa mtu yeyote. Uhuru huo una uzuri wake, lakini una sura nyingine inayoonekana kila Ramadhani kwenye miji ya pwani: misururu ya wanawake na wazee wamekaa vibarazani mwa maduka ya matajiri tangu asubuhi, wakisubiri kugawiwa noti mbilimbili. Mtoaji ametimiza wajibu. Mpokeaji amepoteza siku juani, mbele ya macho ya mtaa mzima. Zaka inayokusanywa na chombo, kama inavyofanya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana Zanzibar, inaweza kumpa mtu mmoja mtaji wa kuanzia biashara badala ya kumpa mlo mmoja. Tatizo ni imani. Matajiri wengi huamini mikono yao kuliko ofisi.

Wakfu ni akiba ya aina yake. Mtu wa Unguja, Lamu au Mombasa alitenga nyumba, duka au minazi kadhaa, akaandika kwamba mapato yake yaende msikiti fulani au kwa mafukara, basi mali hiyo haiuzwi wala hairithiwi. Amekufa zamani, na bado kodi ya pango iliyolipia mafuta ya taa enzi zake inalipia umeme leo. Malalamiko nayo hayakosekani: pango lililopangwa zama za mababu halijapanda, hati zimepotea, na wajukuu wanadai nyumba ni ya kwao. Hata hivyo msikiti wenye wakfu mzuri hauna haja ya kumpigia magoti mwanasiasa yeyote.

Changizo lililopambwa kuliko yote katika historia ya Dar es Salaam lilikuwa la Waismailia. Tarehe 10 Agosti 1946, imamu wao, Sultan Mohamed Shah, Aga Khan III, alikaa kwenye mizani mbele ya maelfu ya watu, na upande wa pili zikawekwa almasi mpaka mizani ikalingana. Alikuwa ametimiza miaka 60 ya uimamu. Picha zilizunguka dunia nzima, na mpaka leo wako wanaosimulia kwamba aliondoka na masanduku ya almasi. Kilichotokea ni kwamba thamani ya almasi zile ilikuwa kipimo cha michango ya wafuasi wake, na fedha hizo alizirudisha kwa jamii yake. Kutokana nazo kukawa na Diamond Jubilee Investment Trust, chombo cha kuwakopesha wanajamii waanzishe biashara na kujenga nyumba. Ndicho kilichokuja kuwa Diamond Trust Bank. Ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga, ambako watu wa dini zote hufanya harusi, umebeba jina la sherehe ileile. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1937, alipimwa kwa dhahabu Nairobi, na mwaka huohuo kampuni ya bima ya Jubilee ilianzishwa Mombasa.

Ni vigumu kupata mfano mwingine Afrika Mashariki wa sadaka iliyogeuzwa mtaji kwa kiwango hicho. Makanisa yenye waumini mamilioni yamekusanya fedha nyingi pia, lakini nyingi zimeishia kwenye minara na marumaru.

Minara hiyo ndiyo inayowaleta wanasiasa. Nchini Kenya harambee ya kanisa imekuwa jukwaa la siasa tangu enzi za Jomo Kenyatta. Jengo linahitaji milioni kadhaa, mheshimiwa anawasili na msafara, anapewa kipaza sauti kabla ya mahubiri kumalizika, anatoa bunda, anawasema wapinzani wake, anaondoka. Waumini waliochanga mia mia kwa miaka miwili wanajikuta wamegeuzwa watazamaji katika nyumba waliyoijenga. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibadani.

Kisha ikaja Novemba 2024. Maaskofu Wakatoliki walikuwa wametoa tamko kali kuhusu mwenendo wa serikali. Siku chache baadaye, Jumapili ya tarehe 17, Rais William Ruto alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi 600,000, akatoa na milioni 2 za nyumba ya mapadre, akaahidi milioni 3 zaidi. Gavana Johnson Sakaja alitoa 200,000. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba fedha hizo zinarudishwa na ahadi hazipokelewi. Jambo hilo liligawa watu. Wapo waliouliza kwa nini maskini wa mtaa ule wanyimwe nyumba ya padre kwa ugomvi wa wakubwa. Wapo walioona kwamba kwa mara ya kwanza kanisa limeonyesha hadharani kuwa si kila fedha ni sadaka. Machi 2025 mambo yalikuwa mengine huko Roysambu: mchango wa Ruto wa shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner uliwatoa vijana barabarani wakiuliza fedha hizo zimetoka wapi, na polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi.

Swali la vijana wale ni lilelile la mzee anayesikiliza matangazo ya usharika: nani ametoa, nani amehesabu. Na swali hilo sasa limehamia kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, lakini makanisa mengi ya Kenya yaliisogelea kwa dhati Machi 2020, serikali ilipozuia mikusanyiko kwa sababu ya korona. Viti vilibaki vitupu, namba ya malipo ikabandikwa kwenye skrini chini ya picha ya mhubiri, na sadaka ikaendelea kuja. Watu waliogundua kwamba wanaweza kutoa wakiwa kitandani hawakurudi wote kwenye kikapu.

Kwa mhazini mwaminifu simu ni neema. Kila muamala una saa, tarehe na kiasi. Hakuna noti inayodondoka njiani kati ya madhabahu na meza ya kuhesabia. Kwa asiye mwaminifu ni neema vilevile. Mwaka 2014 runinga ya Kenya ilimwonyesha mhubiri mmoja wa Nairobi aliyekuwa akiwataka watu watume shilingi 310 kila mmoja wakipanda mbegu ili waombewe. Hakukuwa na wazee wa kuhesabu, wala Jumapili ya kusomewa matangazo, wala jumuiya ya kumjua aliyetuma kutoka Kisii au Kitui. Mtoaji na mpokeaji hawakuwahi kuonana. Kufichuliwa kwa mhubiri huyo hakukumwondoa kwenye huduma, na wanaopanda mbegu hawajakoma, kwa sababu wanachonunua ni matumaini, na mgonjwa aliyekata tamaa ya hospitali haombi risiti.

Sheria za kusajili na kukagua vikundi vya dini zinajadiliwa Nairobi, na Rwanda imekwenda mbali zaidi kwa kufunga maelfu ya nyumba za ibada zisizotimiza masharti. Wakati mijadala hiyo ikiendelea, kuna ukaguzi mdogo ambao mtoaji anayelipa kwa Lipa Namba, namba ya malipo ya simu inayotumika Tanzania, anaweza kuufanya mwenyewe. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu humwonyesha jina la anayelipwa. Likitokea jina la usharika, la parokia au la msikiti, kwa kawaida nyuma yake kuna akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja na kamati inayoweza kuulizwa kwenye mkutano wa mwaka. Likitokea jina la mtu, fedha inakwenda kwa mtu, na muumini anayetaka kujua imefanya nini atalazimika kumuuliza yeye peke yake.